Jiwe linalotoka upande wa jua: sababu gani asteroidi zinaonekana kwa shida

Tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2024, darubini moja kule Chile iliona nukta ndogo yenye kutembea angani. Wataalamu waliipa jina 2024 YR4. Waliporudisha mahesabu nyuma, walikuta kama jiwe hilo lilikuwa limekwisha kupita karibu na dunia siku mbili kabla, siku ya Noeli yenyewe. Ni kusema lilionekana mgongo tu, likienda zake.

Ili kuelewa namna gani jiwe la ukubwa wa jengo linaweza kupita bila mtu kuliona, inatosha kusimama usiku Muhumba ama Nguba na kuangalia ziwa Kivu. Mataa ya ng'ambo hayatembei. Ya wavuvi wa sambaza yanatembea pole pole: ukiangalia mara moja huoni tofauti, lakini ukirudi kisha nusu saa, taa ile iko pahali pengine. Watafuta asteroidi wanafanya vile vile. Darubini yenye kamera inapiga picha za kipande kimoja cha mbingu, mara nne hivi katika muda wa saa moja, kisha kompyuta inazilinganisha. Nyota zimebaki pahali pao. Nukta iliyosogea ndiyo inafuatiliwa.

Shida ni kwamba mvuvi ana taa, asteroidi haina. Ni jiwe, mara zingine chuma, lenye kuzunguka jua sawa na dunia yetu, na linaonekana tu kwa mwangaza wa jua unaoligonga. Mengi ni meusi kama makala. Kwa hiyo nukta hafifu kwenye picha inaweza kuwa jiwe dogo lenye kung'aa, ama jiwe kubwa jeusi. Kwa 2024 YR4, mwanzoni walisema kati ya mita 40 na 90, na hiyo ni tofauti kubwa sana kwa kitu chenye kuweza kuangukia mji. Ilibidi kungoja darubini ya James Webb, ile iliyo huko angani, ndipo mwaka 2025 wakasema karibu mita 60.

Mwezi nao unasumbua. Wavuvi wanaijua hiyo: mwezi ukijaa, taa ya mtumbwi inakosa nguvu. Tena jiwe linalokuja moja kwa moja kwetu halisogei sana kwenye picha, linajificha kati ya nyota.

Lakini shida kubwa kupita zote ni jua. Asubuhi, jua likitokea upande wa Rwanda na kupiga juu ya maji, mtumbwi wenye kutoka huko unaweza kuusikia mbele ya kuuona. Darubini za hapa duniani zinafanya kazi usiku, zikitazama upande usio na jua. Jiwe linalotoka upande wa jua linafika mchana, na hakuna aliyelitazama. 2024 YR4 lilikuja kwa njia hiyo. Na tarehe 15 mwezi wa pili 2013, jiwe lingine la mita 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, bila onyo lolote. Watu karibu 1,500 walitafuta matibabu. Wengi walikatwa na vioo: waliona mwangaza mkali, wakakimbilia dirishani kuangalia, na mshindo ukafika nyuma, kisha dakika moja na zaidi. Neno hilo linafaa kushikwa hata hapa kwetu, jiwe ama si jiwe: ukiona mwangaza mkubwa usioelewa, ondoka kwenye dirisha.

Turudi kwa 2024 YR4. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, NASA ilisema kuna asilimia 3.1 ya kuwa jiwe hilo litagonga dunia tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili 2032. Kwa jiwe la ukubwa ule, hakujakuwa asilimia kubwa kupita hiyo. Mstari wa hatari ulitoka bahari ya Pasifiki, ukakata Afrika kaskazini mwetu, ambako Nigeria, Sudan na Ethiopia zilitajwa, hadi India na Bangladesh. Bukavu, wiki ile, M23 ilikuwa imeingia mjini siku chache tu kabla. Kama habari ya jiwe ilifika kwenye simu za watu, ilifika katikati ya habari za masasi.

Kisha siku chache asilimia ikashuka karibu na sifuri. Wengine wakasema wataalamu walidanganya. Hapana. Fikiri unamngojea mtu nyumbani Nguba. Unaambiwa amepanda moto pa Place de l'Indépendance: anaweza kwenda Kadutu, Bagira, Panzi ama kwako. Wanakupigia tena simu: amefika Nyawera. Sasa tumaini linapanda. Simu ya tatu: amekata kuelekea Essence. Basi, haji. Kila simu ilikuwa ya kweli. Mahesabu ya asteroidi yanaenda hivyo, yanapanda mbele ya kushuka, na mtu anayesikia simu ya pili tu atalala na woga bure.

Afrika inajua mawe haya. Katika Haut-Katanga kuna duara la Luizi, lenye upana wa kilomita 17 hivi. Mwaka 2011 watafiti walithibitisha kwamba ni alama ya jiwe lililoanguka zamani za zamani. Mbale, Uganda, tarehe 14 mwezi wa nane 1992, mawe yalinyesha mchana. Kimoja kidogo cha gramu 3.6 kiligonga jani la mgomba kisha kichwa cha mtoto, ambaye hakuumia sana. Hakuna aliyeyaona kabla. Jiwe la kwanza katika historia kuonekana mbele ya kuanguka liliangukia pia Afrika: 2008 TC3, la mita 4 hivi, lilionwa kutoka Arizona, Marekani, na kisha saa 19 hivi likaanguka jangwani Sudan. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea mchangani wakaokota vipande mamia. Kuona kulifanyika Marekani, kuanguka kukafanyika kwetu. Tangu 2022 kuko darubini ya mtandao wa ATLAS pale Sutherland, Afrika ya Kusini, yenye kusaidia kuangalia mbingu ya kusini. Kwa mawe ya mita 140 na zaidi, hata nusu ya yale yanayokisiwa haijapatikana.

Lenye kujulikana vizuri ni Apophis, la zaidi ya mita 300. Ijumaa tarehe 13 mwezi wa nne 2029 litapita kilomita 32,000 hivi kutoka kwetu, chini ya satelite nyingi za televisheni, bila kugonga. Watu wa Afrika wataweza kuliona kwa macho matupu: nukta yenye kutembea kati ya nyota, kama taa ya mvuvi. Ni mwezi wa mvua Bukavu, kwa hiyo mawingu ndiyo yataamua.