Bolti ya Gurudumu Ikivunjika



Msimu wa karafuu ndio wakati gari zetu kuukuu zinapofanya kazi kubwa, na ndio wakati tunapopata habari za magurudumu yaliyolegea njiani. Land Rover ina bolti tano katika kila gurudumu. Ikivunjika moja, mwenye gari husema, "Nne zimebaki, zatosha mpaka mavuno yeshe." Maneno hayo hatuyakubali. Gurudumu halitungikwi juu ya bolti kama kanzu juu ya msumari. Hushikwa kwa kubanwa na nati mpaka likagandamana na habu. Mbano ukipungua upande mmoja, ringi huanza kucheza, na kila mzunguko bolti za jirani hupindwa na kunyoshwa. Ya pili haikawii kuifuata ya kwanza. Na juu ya gari pana magunia, na mara nyingi juu ya magunia wamekaa wachumaji.

Basi kabla ya kununua bolti mpya, itazameni vyema ile iliyovunjika. Ikiwa uso wake pale ilipokatika ni laini kwa sehemu kubwa, na una mistari kama ile iachwayo na maji mchangani yanapokupwa, bolti hiyo imekatika kidogo kidogo kwa siku nyingi. Aghlabu sababu ni nati kulegea. Ikiwa uso ni wa chengachenga pote, au shingo imenyongeka, imevunjwa kwa mara moja: kijana ametia bomba refu katika spana, kisha akapanda juu yake kwa miguu. Ikiwa ni ile ya kwanza, hatushauri kubadili moja tu. Bolti zote za gurudumu lile zimepata taabu ile ile, ila hazijaonyesha. Twajua kuwa bei ya tano si bei ya moja.

Iko na sababu ya tatu, nayo huwapata hata mafundi hodari. Katika malori mengi ya zamani, na katika gari za Dodge na Chrysler za Marekani mpaka karibu na mwaka 1970, hesi za magurudumu ya kushoto zimekatwa kinyume. Nati zake hufunguliwa kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, hata bolti ikamkatikia mkononi. Tazameni ncha ya bolti kwanza. Mara nyingi imepigwa herufi L.

Ama kazi yenyewe, gari isimamishwe mahali pagumu palipo sawa, na magurudumu mengine yazuiliwe kwa mawe. Nati zilegezwe kidogo kabla gurudumu halijainuliwa. Likisha inuliwa, gogo imara litiwe chini ya ekseli, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Halafu litolewe gurudumu, kisha dramu ya breki.

Hapo tazameni bolti imeshikwa vipi. Nyingine zimetiwa kwa hesi, nazo hufunguliwa. Lakini nyingi zimeshindiliwa kutoka nyuma ya habu, na shingoni zina meno. Hizi zisigongwe habu ikiwa bado garini. Pigo la nyundo hupita mpaka kwenye beringi likazitia vishimo, na baadaye gari huunguruma, mwenyewe asijue kwa nini. Habu itolewe, iwekwe juu ya kipande cha bomba nene kinachozunguka tundu, ndipo bolti isukumwe itoke.

Dukani pelekeni bolti ya zamani pamoja na nati yake. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, zilikuwa na bolti za inchi 9/16. Za baadaye zina za milimita 16. Kwa macho zafanana. Lakini nati ya milimita 16 hupita juu ya bolti ya inchi 9/16 bila ya kushika hesi.

Bolti mpya huingizwa kwa presi. Pasipokuwa na presi, pangeni washa nene kadhaa, tieni nati kuukuu iliyogeuzwa, upande wake bapa ukielekea kwenye washa, mkaze taratibu mpaka kichwa cha bolti kikae barabara nyuma ya habu. Ikiwa bolti yazunguka pamoja na nati, tundu limelika, na habu nyingine haina budi kutafutwa. Wako wanaoichomea bolti kwa weldingi. Moto huharibu ugumu wa chuma, na bolti ya namna hiyo hatutaki kuiona katika gari la mwanachama.

Mkirudisha gurudumu, ondoeni kutu na udongo baina ya ringi na habu. Hata rangi mpya nene ni mbaya hapo, kwani husagika ikaacha nafasi. Upande wa nati uliochongoka uelekee ringi. Kazeni kwa kuruka moja, si kwa kufuata duara, kwanza kidogo, na mara ya mwisho gurudumu likiwa chini, kwa spana ya kawaida isiyo na bomba. Kisha, baada ya kilomita 50 hivi za safari ya kwanza, dereva asimame azikague nati zote tena, ijapokuwa haraka ni kubwa na magunia yangojewa.