Mionzi ndani ya titi: hofu ielekezwe panapostahili

Mwanamke aliyetolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, kisha akaelezwa kuwa mionzi itaingizwa ndani ya titi lenyewe, huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: nikirudi nyumbani, nitaweza kumpakata mtoto? Jibu lake ni fupi na ni la heri, na inasikitisha pale mgonjwa anapolipata akiwa ameshakosa usingizi siku kadhaa. Hofu ya wagonjwa hawa ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba imeelekezwa kwenye sehemu ya tiba iliyo salama zaidi, huku mambo yanayohitaji macho yao wenyewe yakipita bila kuulizwa. Lawama si yao. Mtu asiyeelezwa kinachoingia mwilini mwake na kinachotoka atajaza pengo hilo kwa yale aliyoyasikia kwa majirani.

Tiba hii, ambayo wataalamu huiita brakitherapi, kwa kawaida hutumia kipande cha iridiamu 192 chenye urefu wa milimita chache, kilichofungwa kwenye ncha ya waya mwembamba. Daktari hupitisha mirija laini ndani ya titi kuzunguka pale uvimbe ulipokuwa, au huweka kifaa chenye puto dogo katika uwazi ulioachwa na upasuaji. Kila kipindi cha tiba, mirija huunganishwa na mtambo. Mtambo hutanguliza waya wa kukagua njia, usio na mionzi, ndipo hutuma ule wenye iridiamu. Huo husimama sekunde kadhaa hapa, sekunde kadhaa pale, kwa hesabu iliyopigwa mapema na mtaalamu wa fizikia ya tiba, kisha hurudi ndani ya kasha zito linalozuia mionzi. Kuanzia hapo titi halina mionzi, kama chumba kisivyobaki na mwanga taa ikizimwa. Damu, jasho na mate ya mgonjwa havibebi chochote. Atampakata mtoto, atalala kitanda kimoja na mumewe, atakula sahani moja na wenzake, na binti yake mjamzito anaweza kumhudumia bila wasiwasi.

Uvumi wa kutengwa una chanzo chake. Wapo wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo wanaomeza iodini yenye mionzi. Dawa hiyo huzunguka kwenye damu na kutoka kwa mkojo, hivyo wagonjwa hao hukaa mbali na watu kwa siku kadhaa. Ipo pia njia ya kupandikiza vipande vya paladiamu 103 ambavyo hubaki kwenye titi moja kwa moja, vikififia nusu kila siku 17, na huko hospitali hutoa masharti kuhusu watoto na wajawazito. Kwa hiyo swali la kwanza la mgonjwa lingekuwa hili: chanzo cha mionzi kitatoka kila baada ya kipindi, au kitabaki ndani? Majibu mengine mengi hutegemea hilo.

Mgonjwa makini atapinga: kama ni salama hivyo, mbona kila mtu anatoka na kunifungia mlango mzito? Ni swali la haki. Iridiamu ikiwa nje ya kasha, chumba kina mionzi kweli. Mgonjwa anaipokea kwa kipimo maalumu kwa sababu inamtibu. Mhudumu hana faida yoyote nayo, na angekaa humo angeipokea kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka. Wahudumu wanamwona mgonjwa kwa kamera na kumsikia kwa kipaza sauti, na mlango ukifunguliwa mtambo huvuta chanzo ndani wenyewe. Lipo pia jambo dogo linalowatia watu hofu bure: kipindi cha leo kuwa kirefu kuliko cha mgonjwa aliyetibiwa mwezi uliopita. Iridiamu 192 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74 hivi, kwa hiyo kadiri inavyozeeka dakika huongezwa ili kipimo kibaki kilekile. Ikishadhoofika sana hubadilishwa.

Ajali je? Imewahi kutokea, na kuificha hakumsaidii yeyote. Novemba 1992, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, iridiamu ilikatika kutoka kwenye waya wake na kubaki ndani ya mgonjwa aliyekuwa akitibiwa saratani nyingine, si ya titi. King'ora cha mionzi chumbani kiliwaka. Wahudumu wakadhani kimeharibika, na hakuna aliyechukua kipimio cha mkononi kuhakikisha. Mgonjwa alirudishwa kwenye makazi ya wazee akiwa na chanzo mwilini, na alifariki siku chache baadaye. Mtambo ulikuwa na kasoro, lakini kifo kile kingeweza kuzuiwa kwa kipimio kilichokuwepo palepale. Ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kuona akipimwa kabla hajashuka kitandani, na asipopimwa aulize. Hiyo ni hofu iliyoelekezwa panapostahili.

Swali zito zaidi ni kama tiba hii inamfaa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanawake 1,184 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimita 3, karibu wote bila saratani kwenye tezi za kwapani. Baada ya miaka mitano, saratani ilikuwa imerudi kwenye titi kwa asilimia 1.44 ya waliopata mionzi ya ndani, na asilimia 0.92 ya waliomulikwa titi zima. Kufikia miaka kumi ilikuwa asilimia 3.51 kwa 1.58. Kitakwimu tofauti hizo hazikutosha kusema njia moja imeshindwa, lakini mgonjwa anastahili kuzisikia zilivyo. Anastahili pia kujua kwamba matokeo hayo ni ya wanawake waliogunduliwa mapema. Afrika Mashariki wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakua, na mitambo ya aina hii, kama ile ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inajulikana zaidi kwa kutibu saratani ya mlango wa kizazi.

Wapo watakaosema ni heri kukata titi lote, yaishe. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Bernard Fisher uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20 na kukuta kuwa waliokatwa titi lote hawakuishi muda mrefu kuliko waliotolewa uvimbe tu. Lakini kati ya waliobaki na titi, saratani ilirudi humo kwa asilimia 14.3 ya waliopata mionzi na asilimia 39.2 ya wasioipata. Kubaki na titi bila kumaliza mionzi ni kujiweka hatarini, na kwa mwanamke asiye na njia ya kuifikia hospitali yenye mtambo, upasuaji wa titi lote unaweza kuwa uamuzi wa busara. Aulize pia kuhusu mionzi ya nje ya wiki moja: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipindi vitano vinaweza kutosha pale palipohitajika 15. Faida ya muda mfupi, iliyokuwa sifa kuu ya mionzi ya ndani, imepungua.

Akishachagua mionzi ya ndani, kazi yake ya kila siku ni mirija. Katika utaratibu ulio wa kawaida Marekani, tiba ni vipindi 10, viwili kwa siku, vikiachana kwa angalau saa sita, na mirija hukaa kwenye titi siku zote hizo. Vidonda vyake ni mlango wa vijidudu. Visiloweshwe, ajifute kwa kitambaa badala ya kuoga kwa maji mengi. Kujifunga kanga kifuani hukandamiza mirija na kunaweza kuisogeza; gauni pana lenye vifungo mbele linafaa zaidi. Homa, usaha, wekundu unaotanda au mrija uliosogea visisubiri kipindi kijacho. Na hata miezi au miaka baadaye titi linaweza kukakamaa, au mafuta yaliyokufa yakafanya kinundu kinachofanana kabisa na saratani iliyorudi. Kinundu hicho lazima kipimwe, lakini aliyeelezwa mapema hatakwenda kukipima akiwa ameshajiandikia kifo.

Kwa hiyo, dada unayejiandaa kwa tiba hii, nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza, uliza mpaka uelewe, na siku ya kwanza usiondoke hospitalini kabla ya kupewa namba ya simu inayopokelewa usiku.