Gharama Kamili ya Lori Jipya



Kila msimu wa pamba unapokaribia kufungwa, na fedha za ushuru zikiwa zimeanza kuonekana katika kitabu cha benki, huzuka ndani ya vyama vyetu vya msingi hoja ya kununua lori. Hoja yenyewe si mbaya. Lakini karatasi inayoletwa mezani mwa Bodi aghalabu ni moja tu, nayo ni ile ya bei itolewayo na muuzaji, waiitayo profoma. Bei iliyoandikwa humo ndiyo hupelekwa Mkutano Mkuu, hupigiwa kura na kuingizwa katika makisio. Mkaguzi afikapo mwaka unaofuata hukuta fedha zilizotumika zimezidi mno zile zilizoidhinishwa, wala hakuna aliyeiba hata senti moja. Hapana budi tueleze tofauti hiyo hutoka wapi.

Tuchukue mfano wa lori la tani 7. Tarakimu nitakazotumia ni za kufundishia hesabu, na kila chama kiweke zake. Profoma inasema Sh. 120,000,000. Swali la kwanza ni hili: je, Kodi ya Ongezeko la Thamani imo au haimo? Mara nyingi jibu limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya karatasi. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwa bei hii ni Sh. 21,600,000. Chama kisichosajiliwa kwa kodi hiyo hakina mahali pa kuidai irudishwe, hivyo kwake ni gharama kamili. Bei nayo sharti iwe ya shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi kutajiwa bei kwa fedha za kigeni, na dola isipewe nafasi ya kupanda kati ya siku ya kukubaliana na siku ya kulipa.

Swali la pili huwashangaza wengi. Lori jipya la mizigo mara nyingi huuzwa likiwa kichwa na chesisi tu. Sanduku la kubebea mzigo, ambalo mafundi huliita bodi (lisichanganywe na Bodi ya chama!), hutengenezwa mahali pengine kwa fedha nyingine na kwa majuma kadhaa. Picha ya lori katika kijitabu cha muuzaji huonyesha gari kamili, ilhali profoma haisemi hivyo. Tukadirie Sh. 12,000,000 kwa kazi hiyo. Tuongeze turubai, kamba, jeki, kizimamoto na tairi la akiba la pili, Sh. 2,400,000. Safari ya kulileta lori kutoka Dar es Salaam ni Sh. 1,500,000, na bima kubwa ya mwaka wa kwanza ni Sh. 6,500,000. Usajili na vibao vya namba viulizwe kama vimo katika bei. Tukichukulia kwamba vimo, jumla yetu ni Sh. 164,000,000. Milioni 120 zimekuwa milioni 164, na hata gunia moja halijapakiwa.

Wazee bado huuliza kuhusu leseni ya gari ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017, lakini mzigo wake ulihamishiwa kwenye ushuru wa mafuta, kwa hiyo hulipwa kidogo kidogo kila tangi linapojazwa.

Sasa tuje kwenye mkopo. Tuseme akiba ya chama ni milioni 104, na milioni 60 zinakopwa kwa miaka 3 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kama riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, chama kitalipa riba ipatayo milioni 14.9. Kama inahesabiwa juu ya milioni 60 zilezile hadi mwisho, ijapokuwa sehemu kubwa imekwisha kurudishwa, riba itakuwa milioni 27. Asilimia ni ileile, na tofauti ni zaidi ya milioni 12. Kwa hiyo msiulize riba ni asilimia ngapi peke yake, bali ombeni jedwali la marejesho ya kila mwezi na mjumlishe wenyewe. Mkopo huo pia sharti uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Muuzaji atawaahidi dhamana ya gari na sevisi za kwanza bila malipo. Someni masharti. Mara nyingi kisicholipiwa ni kazi ya fundi tu, lakini oili na filta hulipiwa. Dhamana hukoma kwa miaka au kwa kilometa, lolote litakalotangulia, na yaweza kukataliwa kama lori lilizidishiwa mzigo au lilifunguliwa na fundi asiyekubaliwa na kampuni. Ikiwa karakana ya kampuni iko mjini, kilometa 300 kutoka ghalani, basi kila sevisi ina dizeli yake, posho ya dereva na siku mbili za kazi zilizopotea.

Lililo zito zaidi ni gharama ya kila mwaka. Ukiacha bima, lori letu limegharimu milioni 157.5. Tukitumaini kuliuza kwa milioni 37.5 baada ya miaka 8, uchakavu wake ni milioni 15 kwa mwaka. Bima ni milioni 6.5. Mishahara ya dereva na utingo, tuseme Sh. 800,000 kwa mwezi, ni milioni 9.6. Katika miaka mitatu ya mkopo, ile riba ya milioni 27 inaongeza milioni 9 kila mwaka. Hizo ni milioni 40.1 kabla ya dizeli, matairi na matengenezo.

Chama chenye kukusanya tani 900 kwa ushuru wa Sh. 30 kwa kilo hupata milioni 27 tu kwa mwaka. Chama hichohicho kikikodi lori kwa Sh. 25,000 kwa tani, kitalipa milioni 22.5, na dizeli ni juu ya mwenye lori. Msimu wa pamba ukiisha, lori la kukodi huondoka na gharama zake. La chama hubaki chini ya mwembe, likidai bima na mshahara wa dereva.

Kwa maoni yangu, chama cha namna hii kisinunue peke yake. Vyama vitatu au vinne vya jirani, ambavyo mazao yao hayavunwi kwa wakati mmoja, vyaweza kumiliki lori moja kwa mkataba wa maandishi. Chama chenye kazi ya mwaka mzima, kwa mfano kupeleka pembejeo na kuwabebea wengine mizigo, chaweza kununua, mradi mapato hayo yameonyeshwa kwa mikataba iliyotiwa saini na si kwa matumaini.

Bodi inapokwenda Mkutano Mkuu ipeleke hesabu hizi zote katika karatasi moja, pamoja na bei ya kukodi kando yake, na nakala ibandikwe ghalani mapema ili wanachama waisome. Mkutano ukiridhia, malipo yafanywe kwa benki na si kwa fedha taslimu, risiti ya mashine ya kielektroniki idaiwe papo hapo, na kadi ya gari iandikwe jina la chama, si la Mwenyekiti. Mkataba utaje siku ya kukabidhiwa lori likiwa na bodi yake, na fidia ya kila juma la kuchelewa, kwa maana lori likifika baada ya msimu, chama kitakuwa kinalipa rejesho la kwanza na huku bado kinakodi.