Divai Gani Inastahili Kungojewa?

Mnamo Mei 24, 1976, mjini Paris, mfanyabiashara wa divai kutoka Uingereza, Steven Spurrier, aliwapa waonjaji tisa wa Kifaransa divai nyekundu kumi bila kuwaonyesha chupa. Nne zilitoka Bordeaux. Sita zilitoka California, nazo zilitengenezwa kwa Cabernet Sauvignon, zabibu iliyolipa eneo la Médoc, huko Bordeaux, sifa yake. Ikashinda Stag's Leap ya 1973 kutoka California, na Mouton Rothschild ya 1970 kutoka Bordeaux ikawa ya pili. Watetezi wa Bordeaux hawakukosa la kusema: hizo za California zinapendeza zingali changa, acheni miaka ipite, ndipo tutajua.

Hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Cabernet ina ganda nene, na kwenye ganda na kokwa ndimo mnamokaa tanini. Aliyewahi kung'ata bibo bichi anaujua ukakasi wake: tanini hunasa protini za mate, ulimi ukakauka. Divai changa ya Bordeaux huongezewa tanini nyingine na pipa la mwaloni la lita 225, ambamo hukaa mwaka mmoja na nusu hivi, pengine miwili. Ndiyo maana divai ghali ikinywewa mapema huweza kumkera mtu. Wengine hudhani wameuziwa mbovu.

Ndani ya chupa, polepole mno, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na chembe za rangi. Baadhi huwa nzito, zikazama na kufanya mashapo. Zambarau hugeuka kuwa nyekundu ya tofali, ukakasi hulainika, na harufu ya matunda hupisha ile ya ngozi, tumbaku na uyoga. Uchachu lakini haubadiliki sana. Divai iliyoanza bila uchachu wa kutosha hupooza, hata ingewekwa gizani kwenye nyuzi 12 au 13, chupa ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke. (Kabati la sebuleni Dar es Salaam si ghala, joto huiharakisha divai na kuiharibu.)

Kwa hiyo anayeonja divai changa ili kuamua kama aitunze asiulize tu kama ni tamu. Ainamishe bilauri juu ya kitambaa cheupe aone rangi ya ukingoni, anuse, kisha aizungushe kinywani. Ukakasi ukiwa mkali lakini tunda bado linasikika nyuma yake, na mate yakatiririka kwa uchachu baada ya kumeza, kuna cha kungojea. Ukakasi ukibaki peke yake, miaka haitaleta tunda ambalo halikuwamo. Divai nyingi duniani, kwa kweli, hutengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, na kuzihifadhi ni kuzipoteza.

Mwaka 2006 divai zilezile za Paris zilionjwa tena, California na London. Tano za kwanza zote zilikuwa za California. Mouton ikaangukia nafasi ya sita. Kilele kilichukuliwa na Ridge Monte Bello ya 1971, kutoka mlima wenye ubaridi ambako zabibu huiva taratibu bila kupoteza uchachu. Mwaka 1976, ikiwa changa, waonjaji waliipa nafasi ya tano.