Kiwanja Kimepimwa, Hati Haijatoka

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hivyo hati miliki ni ushahidi wa haki ya kuitumia kwa muda maalumu, mathalani miaka 33, 66 au 99. Katika maeneo ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Vingunguti, ambako nyumba zilitangulia ramani, wakazi wengi hushikilia karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Urasimishaji, yaani kuyapanga na kuyapima makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, ulikusudiwa kuwafikisha watu hao kwenye hati kamili.

Tatizo la kwanza ni kwamba mwombaji ni mmoja ilhali kiwanja chake hakipimwi peke yake. Mchoro wa mipango miji wa eneo zima hauna budi kuidhinishwa, majirani wakubaliane kumega viwanja vyao ili njia ipite, kisha bikoni, yaani alama za mipaka, zipandwe na ramani ya upimaji iidhinishwe. Aliyetoa mapema mchango wake wa gharama za upimaji humsubiri jirani asiyetoa, au kampuni ya upimaji iliyopokea fedha na kuchelewesha kazi, na hana fomu ya kumharakisha yeyote kati yao.

Upimaji ukikamilika huja malipo mengine, yakiwemo ada za kuandaa na kusajili hati na kodi ya pango la ardhi, ambayo hudaiwa kila mwaka. Kwa mama wa genge au dereva wa bodaboda anayepata riziki kwa siku, kinacholemea zaidi ya jumla ya fedha ni kutakiwa kuzitoa kwa mkupuo.

Kizuizi kisichozungumzwa vya kutosha ni mirathi. Nyumba iliyoachwa na babu bila msimamizi kuteuliwa na mahakama haina mtu wa kusaini maombi, na ndugu walioishi humo kwa amani miaka mingi huhofia, pengine kwa haki, kwamba kuchagua jina moja la kuandikwa kutafufua mgogoro uliolala. Maofisa hupenda kuita hali hiyo uzembe. Lakini maadamu karatasi ya mjumbe inaheshimiwa na majirani, kuiacha hati masijala ni uamuzi wenye hesabu zake.