Rangi Mpya, Hewa Nzito



Tulipomaliza kukarabati nyumba yetu hapa Amani, Unguja, tulikuwa na haraka. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta, milango vanishi, na kabati jipya limesimama chumbani kwa watoto. Jumapili wanajumuiya wangekuja kuiombea nyumba. Tukafunga madirisha kuzuia mbu na vumbi. Jirani yetu, bibi mtu mzima, akatuletea chetezo. "Fukizeni udi, wanangu, wageni wasisikie harufu." Tukafukiza.

Usiku wa pili mtoto wetu mwenye pumu aliamka akihema kwa shida. Baba yake alimbeba hadi uani, na kwa dawa yake ya kuvuta akapata nafuu. Usiku ule tulijifunza jambo moja: harufu ya rangi haifunikwi, hutolewa.

Kinachotoka ukutani

Rangi ya mafuta, vanishi na tina hukauka kwa kutoa mvuke. Mwingi hutoka siku za mwanzo, lakini uliobaki huendelea kwa wiki kadhaa. Mbao za kiwandani zilizoshikanishwa kwa gundi huweza kutoa gesi ya fomaldehaidi kwa miezi, na joto na unyevu huizidisha. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka gesi hiyo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Dalili za haraka ni macho kuwasha, koo kukereketa na kichwa kuuma. Udi nao, ingawa unanukia, ni moshi juu ya mvuke.

Mama, fanya hivi

1. Fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka ni wasaidizi wa bure. Wakati wa masika rangi hukawia kukauka. Weka wavu madirishani na chandarua kitandani. Feni itazame nje. Usitegemee kiyoyozi, kwani vingi huzungusha hewa ileile.

2. Chumba cha watoto kipakwe kwanza, kilalwe mwisho. Mjamzito na mwenye pumu wasilale penye rangi mbichi.

3. Usikaushe rangi kwa jiko la makaa. Mvuke wa tina hushika moto, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo.

4. Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu. Huenda ina madini ya risasi, ambayo hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Fundi ailoweshe kwanza, watoto wawe mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

5. Makopo ya rangi na tina yakae nje. Kabati jipya liache wazi penye upepo kabla ya kutia nguo.

Maua ya vyungu yanapendeza, lakini machache hayatoshi kusafisha hewa.

Ukuta wenye ukungu

Nyumba za kale za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unaopumua. Ukiufunika kwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani, rangi hubanduka na ukungu huota. Hata nyumba za matofali hupatwa na hayo bomba au paa likivuja. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kujidanganya.

Soma Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Nyumba yenye madoa ukutani ilitolewa vitu vyote, ikakaguliwa, ikafungwa siku 7. Madoa yakienea, mawe mabovu yaliondolewa, kuta zikakwanguliwa na kupigwa lipu upya. Hawakuruhusiwa kufunika tu. Nasi tuzibe kwanza panapovuja, tukwangue, tukaushe, ndipo tupake.

Uani

Jirani yetu aliposikia yaliyotupata, aliwachukua watoto wakalala kwake wiki 2. Jumapili ile wanajumuiya walikuja kama tulivyopanga. Tuliwatandikia mikeka uani, wakaiombea nyumba ikiwa na madirisha yote wazi.

Wageni huona rangi, lakini wanao huvuta hewa. Anza na hewa.