Dagaa wa Kigoma: Wadogo kwa Umbo, Wakubwa kwa Lishe

Umewahi kufunika sufuria ya dagaa haraka haraka kwa sababu mgeni amepiga hodi? Sisi tumewahi. Tulikuwa tukiishi Mchafukoge katika chumba kimoja, na harufu ya dagaa haifichiki. Mgeni alijua kilichopikwa, nasi tuliona haya bure.

Aibu hiyo tuliikumbuka siku moja tukiwa kazini, katika kliniki ya watoto. Mama mmoja kijana alimleta mwanawe wa miezi tisa, ambaye uzito wake haukupanda kwa miezi miwili. Tulimwuliza anampa nini pamoja na kumnyonyesha.

"Uji wa sembe, sista, na sukari kidogo. Nyama hatuiwezi."

"Na dagaa je?"

Akainamisha kichwa. "Dagaa tunakula sisi wakubwa. Mtoto nitampaje chakula cha shida?"

Kwanza tulimpeleka mtoto kwa daktari, maana uzito huweza kukwama kwa ugonjwa pia. Kisha tulikaa na mama yake tukazungumza habari za dagaa.

Akina mama wenzetu, mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji mtupu humjaza tumbo lakini haumjengi mwili. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini, madini ya chokaa, chuma na zinki, pamoja na vitamini B12.

Dagaa tunaowanunua Kariakoo kwa jina la Kigoma hutoka Ziwa Tanganyika, ambalo tunalishirikiana na Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia Lualaba na hatimaye Mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa mwanga wa taa, kisha dagaa huanikwa juani. Ni safari ndefu hadi kufika katika kikapu chako, basi tusiwadharau.

Ukifika sokoni usione haya kuuliza: "Mwanangu, hawa walianikwa chanjani au mchangani?" Wa mchangani huwa na chembe zinazokwaruza meno. Chagua wanaong'aa kama fedha, wakavu wa kuvunjika, wasio na ukungu wala harufu ya uvundo. Kwa mtoto, tafuta wasiotiwa chumvi.

Nyumbani, wachambue, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, uwaanike wakauke, kisha uwakaange bila mafuta kwa moto mdogo. Watwange, uchekeche kwa chekeche laini ili pasibaki mfupa wa kumkwama mtoto. Hifadhi unga huo katika chupa kavu yenye kifuniko, na utengeneze kidogo kidogo usije ukaharibika. Anza na nusu kijiko cha chai katika uji unaochemka, na baada ya siku chache ongeza hadi kijiko kizima. Mtoto akivimba uso, akitoka vipele au akitapika sana, acha mara moja umwahishe hospitali.

Jambo la mwisho. Mwaka 2024 serikali yetu ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Uvuvi ukifungwa, dagaa huadimika na sisi wanunuzi hunung'unika. Lakini mama anayekula mbegu yote atapanda nini? Nunua akiba mapema, na miezi hiyo tumia maharage, karanga au mayai.

Yule mama alirudi baada ya mwezi mmoja. Mstari katika kadi ya mtoto ulikuwa umeanza kupanda, nasi tulifurahi pamoja naye.

Siku hizi mgeni akipiga hodi nyumbani kwetu tukiwa tumepika dagaa, tunaongeza sahani moja na kumkaribisha mezani.